Mtaa wa Wachukuzi: Habari za Kariakoo, na Mizigo Tuchukulianayo

Katika mwaka huu wa Yubile ya dayosisi yetu, wengi wameandika habari za makanisa yaliyojengwa, na za mapadre waliotutangulia, na za shule zilizofunguliwa. Hizo ni habari njema, na yatupasa kuzihifadhi kwa ajili ya watoto wetu. Sisi tumeombwa kuandika habari za huruma, yaani jinsi watu wa mji wetu walivyotendeana katika maisha ya kila siku. Kazi hii ina ugumu wake. Kanisa likijengwa, huwekwa jiwe lenye tarehe juu yake. Lakini mtu akimpokea mwenzake mzigo njiani, hakuna aandikaye. Walakini katika Dar es Salaam pana mahali ambapo jina lenyewe la mtaa limekuwa jiwe la kumbukumbu. Mahali hapo ni Kariakoo. Basi na tuanze na wale waliouchukua mzigo kabla jina hilo halijapatikana, kisha tulitazame jina lenyewe, na mwisho tutazame yale litufundishayo.

Wazee wa pwani walituachia methali isemayo: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi, hata mtoto aweza kubeba kanda lake. Maana yake ni kwamba mzigo tuuonao juu ya kichwa cha mwingine hutuonekea mwepesi siku zote, kwa kuwa shingo inayouma si yetu. Msomaji aishike methali hii, maana tutairudia.

MJI NA WAPAGAZI WAKE

Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, katika miaka ya 1860, karibu na kijiji kilichoitwa Mzizima. Alipofariki mwaka 1870 kazi ya ujenzi ilisimama, na mji ukawa kama uliolala. Wadachi walikuja mwaka 1887, na mwaka 1891 wakayahamisha makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo hadi hapa. Zamani zile hapakuwa na reli wala motokaa. Pembe, nguo, shanga, waya na vyakula vya misafara vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wanadamu, maana katika nchi nyingi za bara ng'ombe na punda waliuawa na mbung'o.

Katika biashara hiyo ya misafara alikuwako tajiri mmoja wa Bagamoyo, jina lake Sewa Haji Paroo, Mwislamu mwenye asili ya India. Yeye ndiye aliyewapatia wasafiri wengi bidhaa na wapagazi wa kwenda bara. Utajiri wake, kwa hiyo, ulitoka kwa sehemu kubwa katika migongo ya wachukuzi. Hatuwezi kuuona moyo wa mtu, lakini twaweza kuiona kazi ya mkono wake: kabla ya kufariki mwaka 1897 alitoa mali yake nyingi kwa ajili ya shule na wagonjwa, na katika Dar es Salaam ikajengwa hospitali iliyoitwa kwa jina lake. Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukoni mwa bahari. Waafrika, Waarabu na Wahindi walitibiwa katika ile ya Sewa Haji. Baadaye, katika miaka ya 1950, hospitali mpya ilijengwa Muhimbili, nalo jina la Sewa Haji likahamia huko, na hata leo mgonjwa hulazwa katika jengo lenye jina lile.

Kwa nini tumetaja jina la Mwislamu katika kitabu cha Yubile ya Wakristo? Kwa sababu Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, hakuwatolea wasikilizaji wake mfano wa mtu wa dini yao. Alimtaja Msamaria. Kuhani alipita, Mlawi alipita, na mgeni ndiye aliyesimama. Mwalimu atakayefundisha somo hilo Dar es Salaam hana haja ya kutafuta mfano mbali.

KAMBI ILIYOUPA MTAA JINA

Vita Kuu vilianza mwaka 1914. Wadachi walikuwa wamekwisha kutengeneza mahali pa kukaa Waafrika, upande wa magharibi wa mji, na kujenga hapo jengo kubwa la soko. Lakini vita vilikuja kabla soko halijaanza kazi. Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliutwaa mji, na mahali pale palifanywa kambi ya wachukuzi wa jeshi lao. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ndimi zetu zililitamka jina hilo kwa namna yetu, likawa Kariakoo. Mji wa Nairobi nao una mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo, Kariokor, na sababu yake ni moja.

Reli ilikwisha kufika Kigoma mwaka 1914, lakini majeshi yalipigana mbali na reli, katika misitu, mabonde na mito iliyofurika. Kila risasi, kila kibaba cha unga, kila hema na kila dawa ilipaswa kuchukuliwa na mtu. Wachukuzi walioandikwa na Waingereza katika vita vyote vya Afrika Mashariki walikaribia milioni 1. Walitoka katika nchi hii, na Kenya, na Uganda, na Zanzibar, na Nyasa, hata Afrika ya Magharibi. Wako waliokwenda kwa mshahara na kwa hiari yao, lakini wengi walikamatwa vijijini wakatwikwa mzigo kwa nguvu. Makumi ya maelfu hawakurudi. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi mno walikufa kwa kuhara damu, homa ya malaria na kichomi, kwa kulala mvuani, na kwa chakula wasichokizoea ambacho hawakupewa nafasi ya kukipika kikaiva.

Hapa twataka kuwakumbusha wasomaji jambo ambalo wengi hupita juu yake kwa miguu bila kulijua. Katika Kariakoo pana mtaa wa Narung'ombe, na mtaa wa Tandamti, na mtaa wa Mahiwa. Hayo ni majina ya mahali palipopiganwa vita vikali mwaka 1917 katika nchi ya Kilwa na Lindi: Narung'ombe mwezi wa Julai, Tandamti mwezi wa Agosti, Mahiwa mwezi wa Oktoba. Mama aendaye kununua nyanya, na kijana auzaye viatu, wote wapita katika majina ya makaburi. Kila mahali majeshi yalipofika, wachukuzi walifika pia, nao hawakuwa na bunduki mkononi.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya askari katikati ya mji, ambayo ipo hata leo, na maandishi yake yawakumbuka askari pamoja na wachukuzi. Lakini sanamu yenyewe ni ya mtu mwenye bunduki. Mchukuzi mwenye ngata kichwani hana sanamu pale. Kumbukumbu yake kubwa ni jina la mtaa, nalo latajwa kila siku na makondakta wa daladala.

ASKOFU ALIYETEMBEA NA WACHUKUZI

Katika habari hizi za huzuni pana jina moja ambalo Wakristo wa pwani hulikumbuka, nalo ni la Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar tangu mwaka 1908 hata kufa kwake mwaka 1924. Mwaka 1916 wachukuzi walipotakiwa kutoka Zanzibar, Askofu aliunda kikosi cha wachukuzi wa kisiwa hicho, akakiongoza mwenyewe, akavuka nacho hadi bara kufuatana na majeshi. Msomaji aweza kuuliza kama ilimpasa Askofu kushika kazi ya jeshi. Swali hilo ni la haki, nasi hatulikatai. Lakini na tuangalie alifanya nini na yale aliyoyaona.

Vita vilipokwisha, wakubwa wengi walifanya haraka kuwasahau wachukuzi. Katika Kenya ilitoka amri mwaka 1919 iliyowataka maofisa na machifu kuwahimiza Waafrika waende kufanya kazi katika mashamba ya wageni, na himizo hilo lilikuwa karibu na lazima. Mwaka 1920 Askofu Weston alipiga chapa kijitabu cha kuipinga kazi ya kulazimishwa, akiwakemea watu wa taifa lake mwenyewe, ambao miaka miwili kabla walikuwa wamemsifu alipoandika juu ya ukatili wa Wadachi. Ni rahisi kukemea dhambi ya adui. Kukemea dhambi ya nyumba yako ni mzigo mwingine.

Twaona basi kwamba huruma yake haikuishia katika machozi. Alikuwa ametembea na watu waliobeba, na aliyetembea na mchukuzi hawezi tena kusema kwamba mzigo ule ni usufi.

Katika Injili pia yumo mchukuzi aliyelazimishwa. Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika ya Kaskazini, alikuwa akipita tu akitoka shamba, askari wakamshika wakamtwika msalaba wa Bwana. Hakuuliza, wala hakuulizwa. Tendo lile halikuwapa haki wale waliomlazimisha. Dhuluma yabaki kuwa dhuluma. Lakini Bwana mwenyewe alikuwa chini ya mti ule ule, na bega la Simoni liligusa mahali palipoguswa na bega lake. Twaamini kwamba wale waliokufa njiani Mahiwa na Narung'ombe, ambao majina yao hatunayo, Mungu anayo.

NYUMBA YA VYUMBA SITA

Baada ya vita wachukuzi walitawanyika, na mwaka 1923 lile jengo la Wadachi lilifunguliwa kuwa soko. Serikali ya Waingereza iliugawa mji mafungu matatu: Wazungu walikaa karibu na bahari, Wahindi katikati, na Waafrika Kariakoo na kuendelea, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kutenga fungu na fungu. Lakini ndani ya Kariakoo yenyewe hapakuwa na kutengana. Mzaramo, Mnyamwezi, Mluguru, Mngoni, Myao na Mmanyema walikaa ukuta kwa ukuta. Mwaka 1948 mji wote ulihesabiwa watu 69,000 na zaidi, na mwaka 1957 wakawa 128,000 na zaidi. Wageni hao wote walilala wapi?

Wengi walilala katika nyumba ya vyumba sita. Wasomaji wa mjini waijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma penye jiko na choo. Mwenye nyumba alichukua chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki alivipangisha. Katika kila chumba alikaa mtu na jamaa yake. Basi Mkristo mmoja aliweza kukaa pamoja na jamaa tano za Waislamu, wakichota maji pamoja na kufagia ua kwa zamu.

Hatusemi kwamba nyumba hizo zilikuwa pepo. Palikuwa na ugomvi wa maji, na wa kuni, na wa watoto, na wa kodi iliyochelewa. Lakini ukumbi ule mmoja ulikuwa shule. Mtu akikohoa usiku kucha, nyumba nzima ilijua. Jiko lisipowaka siku mbili, nyumba nzima iliona, na mwanamke mwenye akili aliweza kumwita mtoto wa jirani ale pamoja na wake, kana kwamba ni mchezo, ili mama yake asiaibike. Mwezi wa Ramadhani sahani ya futari ilipelekwa mlango wa Mkristo, na siku ya Krismasi sahani ilirudi haikurudi tupu. Desturi hizi hazikuamriwa na serikali yo yote, wala na mkutano wo wote wa kanisa.

Desturi nyingine ilikuwa ya utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu siku za misafara, ndipo wakaweza kutaniana na kutukanana pasipo chuki. Wageni hucheka wakidhani ni upuuzi mtupu. Lakini mtani ana kazi yake msibani. Yeye huja kuchimba kaburi na kusaidia mazishi, na kwa maneno yake ya ubishi huwafanya wafiwa wacheke katikati ya kilio. Kwa mtu aliyekufa mjini mbali na mama yake, mtani alikuwa ndugu. Kabla ya Injili kufika kwetu, wazee walikwisha kujua kwamba maiti ya mgeni haiachwi njiani. Injili haikuifuta hekima hiyo. Iliipanua, ikatufundisha kwamba hata asiye ndugu wala mtani ni wa kuzikwa na wa kuliliwa.

SIKU ZA MAAFA

Nyumba za vyumba sita zimepungua sasa, na maghorofa yamesimama mahali pake. Soko la zamani lilivunjwa, na mwaka 1975 likafunguliwa jengo jipya lililochorwa na Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza jengo hilo, na wafanya biashara wengi wakapoteza mali yao yote katika saa chache.

Kisha likaja lililo zito kuliko moto. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa moja ya maduka iliporomoka katika Kariakoo, ikawafukia watu waliokuwa wakiuza na kununua. Zaidi ya watu ishirini walifariki, na zaidi ya themanini waliokolewa. Kabla ya mitambo kufanya kazi yake, watu waliokuwapo walivunja zege kwa nyundo na kufukua kwa mikono mitupu. Waokoaji walizungumza na waliofukiwa chini, wakawatia moyo. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza aliyefukiwa ni wa dini gani, wala ana deni la nani.

Tunamshukuru Mungu kwa mikono ile. Lakini hapa ndipo tulipotaka kuwaleta wasomaji wetu tangu mwanzo. Siku ya maafa huruma huwa nyepesi, kwa maana mzigo waonekana na watu wote. Zege halifanani na usufi. Mtihani uko siku zilizo baada yake, soko likifunguliwa tena na kila mtu akirudi kwenye haraka yake. Mtu yule yule aliyelia alipoona maiti zikitolewa aweza, juma lifuatalo, kumfokea mchukuzi aliyemgusa kwa mkokoteni.

MIZIGO YA KILA SIKU

Maana wachukuzi wangaliko. Jina la Kariakoo si la zamani tu. Pita leo mtaa wa Msimbazi au mtaa wa Kongo, utawaona vijana wanaosukuma mikokoteni iliyojaa marobota, na wengine wenye magunia mabegani, wakipiga kelele tuwapishe njia. Twaisikia sauti yao kama usumbufu. Mnunuzi hushindana naye juu ya shilingi chache za ujira, na baada ya kumlipa hakumbuki uso wake. Kama babu yake mtu huyo alikuwa katika kambi ya mwaka 1917, nani ajuaye?

Wako na wachukuzi wa mizigo isiyoonekana. Msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na barua za kwao hakuna amsomeaye. Mpangaji anayejificha mwisho wa mwezi kwa kuwa kodi haijatimia. Mama lishe aliyemkopesha mteja chakula, na mteja amebadili njia. Mjane aliye mlango wa pili, ambaye wakati wa arobaini nyumba yake ilijaa watu, na sasa hata hodi haipigwi. Kila mmoja wa hawa ana mzigo ambao sisi twauona kuwa usufi.

Tufanye nini basi? Desturi yetu wenyewe yatufundisha. Mtu mwenye mzigo mzito hawezi kujitwika peke yake. Humwambia yeyote apitaye, "Ndugu yangu, nitwishe," na mpita njia husimama, huinama, hushika upande mmoja, wakainua pamoja. Hamwulizi jina. Lakini ona jambo hili: katika kuinua, naye huupima uzito kwa mikono yake. Tangu hapo hawezi kusema hakujua. Na mgeni akifika nyumbani na mzigo, mwenyeji hampi kwanza maneno. Husema, "Nikupokee," akautua. Mtume Paulo alipowaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo, aliwapa sheria ambayo mababu zetu wangaliielewa pasipo mfasiri.

Twawasihi walimu wa shule na wa dini: wapelekeni watoto katika mitaa ya Narung'ombe, Tandamti na Mahiwa, mkawaeleze majina hayo yametoka wapi. Kisha waambieni wahesabu, katika njia ya kurudi nyumbani, ni watu wangapi waliowaona wamebeba mizigo, na ni wangapi waliosalimiwa. Twawasihi wazee wa makanisa: orodha ya wajane na wagonjwa isisomwe siku za sikukuu tu. Apangwe mtu wa kubisha hodi katika kila mtaa, na asiende na mahubiri. Aende na swali, asikilize jibu mpaka mwisho. Twawasihi wenye maduka walio Wakristo: mpeni mchukuzi maji ya kunywa kabla ya kupatana naye bei, na ujira wake mlipeni siku ile ile, kabla jua halijachwa.

Wale waliokaa katika kambi ya Kariakoo hawakupata mtu wa kuwatua. Mungu awape raha ya milele, na sisi tuliobaki atujalie kuinama kwa wakati tukisikia mtu asema, "Nitwishe."